Mtani Halii Msibani

Wifi yangu Sikuzani alipostaafu, watu walimpongeza. Mimi nilijua balaa limeingia nyumbani. Mtu kaamka alfajiri maisha yake yote, kaoga, kafunga kitambaa kichwani, kaenda kupigana na mashuka ya hospitali, halafu leo unamwambia akae barazani apumzike. Apumzike na nini? Alifagia uwanja wetu hapa Zinga mpaka nikaogopa mchanga utakwisha. Alifua nguo zangu zilizokuwa safi. Siku moja nilimkuta anamfulia mume wangu, ambaye ni kaka yake, kofia ya msikitini iliyofuliwa jana yake. Nikamwambia, "Wifi, utaimaliza hiyo kofia, kaka yako akaswali kichwa wazi." Hakucheka. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kucheka naye, na mtu huyo hakuwa mimi.

Mtu huyo alikuwa Mina, mwenzake wa kazini. Wifi yangu ni Mkwere wa Kiwangwa, mtoto wa mashamba ya mananasi. Mina alikuwa Mnyamwezi. Alikuja Bagamoyo kutoka Tabora akimfuata mumewe, Mnyamwezi mwenzake, na yule mume akafa mapema akamwachia watoto wawili wadogo. Wanawake hawa waliingia chumba cha kufulia cha hospitali wakiwa vijana na wakatoka humo na mvi. Na kwa kuwa Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba pembe vichwani hadi pwani, wawili hawa walianza kutukanana siku ya kwanza, kabla hawajajuana majina.

Kwa asiyejua, utani si mchezo wa watoto. Mtani ana ruhusa ya kukuita mtumwa wake, kukupokonya sahani mkononi, kukuambia kwenu mna uchawi, na wewe huna haki ya kununa. Ukinuna, mjinga ni wewe. Lakini ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na haji kulia. Watu wanalia, yeye anafanya vituko. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wa marehemu, anaziba mlango maiti asitoke mpaka apewe ada yake, jogoo au chochote kilichopo. Wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi yake, na hakuna mwingine wa kumfanyia.

Mimi kwetu ni Dunda, mjini Bagamoyo, watu wa adabu na mafumbo. Sisi tukitaka kukusema tunakuvalia kanga yenye maneno, tunapita mbele yako, yamekwisha. Kwa hiyo siku ya kwanza niliyompelekea wifi yangu chakula kazini, nilitamani ardhi ipasuke. Walikuwa wanakunja mashuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Huyu hushika ncha mbili, mwenzake mbili, wanalivuta mpaka linyooke, kisha wanaendeana na kukutanisha ncha. Na kila walipokutana katikati, kifua kwa kifua, mmoja alimtupia mwenzake tusi.

"Vuta wewe mpagazi, au umezoea mizigo ya kichwani tu?"

"Nyamaza, mla mihogo. Babu zangu walitembea kutoka Tabora kwa miguu. Babu zako walikuwa wamelala wanangoja nazi iwaangukie mdomoni."

"Na walipofika tuliwapokea, tukawaosha mavumbi. Sema ahsante."

"Ahsante ya nini, na sabuni tulikuja nayo wenyewe?"

Wakarudi nyuma, wakachukua shuka jingine, wakavuta. Siku nzima hivyo, shuka na tusi, tusi na shuka. Mashuka yenyewe msiniulize yalikuwa na nini kabla ya kufuliwa. Nadhani bila matusi yale wasingeweza kuyashika. Wifi yangu alikuwa na waume wawili kwa nyakati mbili na wote waliondoka, na mwanawe mmoja, Hajra, kaolewa mbali huko Ubena. Lakini sikumwona akikaa na huzuni zaidi ya usiku mmoja, maana asubuhi alikuwa na mtu wa kumwambia, "Mume kakukimbia tena? Hata mimi ningekimbia, ile sura!" Ndugu ni kufaana, wanasema, na mimi niliyekuwa wifi yake nikabaki kama mpangaji tu.

Mama mkwe wangu, mamake Sikuzani, alipofariki kule Kiwangwa, Mina alifika kabla hata ya sisi wa Zinga. Tulipoingia uani tukamkuta amevaa kanga za marehemu, ameshika mkongojo wa marehemu, uso umepakwa majivu, anazunguka jikoni akionja kila chungu na kutema: "Chumvi hakuna! Enyi watoto wavivu, ndiyo maana nimekufa!" Ile ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu hasa, na yale yalikuwa malalamiko yake hasa. Sikuzani hakuwa amefungua kinywa tangu usiku. Alitazama, akaangua kicheko, kisha akalia mpaka akaishiwa nguvu, na Mina akampigapiga mgongoni na ule mkongojo. Jioni mzee mmoja wa ukoo akamkabidhi Mina jogoo wake na watu wote wakaridhika.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Mina akamwambia, "Deni hilo, Mkwere. Siku yangu ikifika unifanyie hivihivi. Nitembee tena mbele ya watu, niwasemeshe. Ukija ukalia kama watu wengine, sikusamehi."

"Nitakuuza huko huko makaburini," Sikuzani akamjibu. Lakini aliniambia baadaye kwamba hakuna ahadi aliyowahi kuishika moyoni kama ile.

Walistaafu mwaka mmoja. Sherehe ikafanywa, soda na maandazi, mkubwa mmoja akasoma hotuba na kuwaambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno matamu, ila hakusema mhunzi aende wapi. Wifi yangu alikuwa amepanga chumba karibu na hospitali, akakiacha, akahamia kwetu Zinga. Mina akachukuliwa na watoto wake, Hamidu na Adila, kwenye nyumba ya Hamidu huko Bunju. Watoto wale walisomeshwa kwa jasho la mashuka, wakakaa shule za bweni mikoa ya mbali, Bagamoyo wakawa wanakuja likizo. Wana heshima, sisemi, shikamoo hazikauki midomoni. Lakini ukuta wa nyumba ile ni mrefu kuliko wa gereza, na mtu akiwekwa ndani yake hata jirani hamwoni.

Miezi ya mwanzo Sikuzani alirudi hospitali mara moja. Alivaa vizuri, akabeba mananasi mawili ya kwao, akasema anakwenda kuwajulia hali. Alirudi mapema, na mananasi yake. Nikamuuliza vipi. Alinijibu tulipomaliza kula.

"Nimewakuta wasichana wapya," akasema. "Nimesimama mlangoni nikasema hodi. Mmoja akaniambia, 'Bibi, umepotea, wodi ya wanawake iko upande ule.'"

"Ungemwambia wewe nani."

"Nilimwambia. Akasema, 'Oo, hongera bibi.' Kisha akaendelea na simu yake."

Nilimkasirikia yule msichana nisiyemjua kuliko ninavyoweza kusema. Sikuzani mwenyewe hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake alitoa shuka letu la kitandani kutoka kambani, akaniita nishike ncha mbili. Nikashika. Tukavuta, tukaendeana, tukakutana katikati. Akanitazama usoni, anasubiri. Mimi ningesema nini? Mimi ni wifi yake, si mtani wake, na kwetu matusi hatukufundishwa. Tukakunja kimya, na hakuniita tena.

Kilichomweka hai kilikuwa simu. Kila asubuhi baada ya chai aliweka simu kwenye kipaza sauti, na uwanja wangu wenye adabu ukajaa matusi ya mtu wa Bunju. "Mpagazi, umeamka au mwanao kakufungia stoo?" "Nimeamka, mla mihogo, nakunywa chai ya maziwa, wewe unakunywa nini, maji ya kisima?" Majirani wakazoea. Mimi nilijifanya kuchukia, lakini chai yangu niliileta karibu.

Kisha Mina akapooza upande mmoja, na maneno yakamshinda. Adila akawa anamshikia simu sikioni. Sikuzani alimtukana kama kawaida, yeye peke yake, kisha akanyamaza kumpa nafasi, na upande wa pili tukasikia pumzi na sauti ndogo ya kooni. "Anacheka," wifi yangu alinieleza. "Unasikia? Anacheka huyo." Nilisikia. Alikuwa anacheka kweli.

Siku moja aliyepokea ni Hamidu. "Shikamoo mama," akasema, kwa upole wote. "Nakuomba sana. Mama ni mgonjwa. Daktari kasema asisumbuliwe. Haya maneno unayomwambia, mara mtumwa, mara mpagazi... tafadhali mama, usimtukane mama yangu katika hali hii."

"Mwanangu, mimi ni mtani wake."

"Nimekuelewa mama. Lakini tafadhali."

Hakuelewa hata chembe. Tangu siku hiyo simu iliita mpaka ikachoka. Tulipanga kwenda kumwona. Mara ya kwanza mlinzi wa getini alituambia wenyewe hawapo, na mara ya pili tulikuwa bado tunajiandaa asubuhi Adila alipopiga mwenyewe. Alikuwa analia. Mama yao ametangulia, maziko baada ya Alasiri.

Sikuzani hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na kikapu. Ndani yake alikuwa ameweka majivu ya jikoni kwenye mfuko, na gauni lake la kazi, lile la kijani lililopauka. Nikajua. Njiani nikamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kule ni Bunju, si Kiwangwa. Wale hawajui haya mambo. Subiri kwanza ndugu zake wa Tabora wafike."

"Tabora watafika kesho. Yeye anazikwa leo," akasema. "Nisipomfanyia mimi, nani atamfanyia?"

Nikampokea kikapu.

Tulikuta mahema, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, magari barabara nzima. Ndani wanawake wamekaa juu ya mazulia kwa utulivu mkubwa, mabaibui meusi, sauti za chini. Mina alikuwa tayari ameoshwa na kuvishwa sanda, jeneza lipo katikati ya sebule limefunikwa. Nilikaa. Sikuzani akapitia uani. Kwenye kamba ya nguo, kanga za Mina zilikuwa bado zimeanikwa.

Aliporudi sikumtambua mara moja. Uso ulikuwa mweupe kwa majivu, gauni la kijani, kanga ya Mina kiunoni. Mkono mmoja kauweka kiunoni, bega la kulia limeshuka, anatembea kwa kukokota kisigino, vile vile alivyotembea Mina tangu ujana kwa kubeba ndoo za maji ya moto. Mina ndiye aliyekuwa anaingia. Akapita katikati ya wanawake, akafika mlangoni jeneza linapotakiwa kupita, akaketi chini na kunyoosha miguu.

"Nani kasema mimi naondoka?" akapaza sauti, na ile ilikuwa sauti ya Kinyamwezi ya Mina. "Mimi mpagazi sijautua mzigo! Mashuka nimwachie nani, yule mla mihogo? Sitoki! Leteni jogoo kwanza, tena awe mnene, msiniletee kifaranga cha Bunju!"

Nilingoja kicheko. Kule Kiwangwa hapo watu wangekuwa wameshika mbavu. Hapa msichana mmoja alipiga yowe. Mwingine alinyanyua simu, akaanza kumpiga picha. Adila alikuwa kando ya jeneza, kaziba mdomo kwa mikono miwili, na sikujua kama anamwogopa Sikuzani au anamwogopa mamake.

Hamidu aliingia akitokea kwa wanaume. "Mama, toka hapo."

"Nipe jogoo nitoke," Sikuzani akasema, bado kwa sauti ya Mina.

"Umemtukana mgonjwa, hukutosheka? Unakuja kumtukana mbele ya jeneza lake?"

Nikasimama, mimi mtoto wa Dunda nisiyependa makelele. "Jamani, huyu ni mtani! Ni mila, ni heshima hii, mama yenu alimwomba mwenyewe!"

"Utani gani msibani?" mwanamke mmoja akanijibu bila kunitazama. "Tumwogopeni Mungu." Wengine wakaitikia. Sidhani kama wote hawakujua. Mjini humu watu wamejaa kutoka kila kona, lazima mmoja wao bibi yake aliwahi kuzibiwa mlango. Lakini hakuna aliyefungua kinywa.

Vijana wawili walimshika wifi yangu mikono, mmoja huku mmoja huku. Hawakumpiga. Walimsindikiza kwa ustaarabu mpaka nje ya geti, wakalifunga. Kanga ya Mina walimvua kwanza.

Nilimfuata. Tukasimama pembeni ya barabara, karibu na magari ya watu. Nilimfuta majivu kwa ncha ya mtandio wangu, akaniacha nimfute. Baadaye geti likafunguliwa, wanaume wakatoka na jeneza mabegani, wanapokezana, La ilaha illallah. Walipita mbele yetu karibu kabisa. Nikamminya mkono, nikamwambia, "Sema sasa, wifi. Mtukane. Anakusikia." Akafungua kinywa. Neno halikutoka. Kilitoka kile kile alichokatazwa na Mina. Alilia, pale kandokando ya barabara ya Bunju, kama mwanamke yeyote aliyefiwa, na jeneza likapita likaingia kwenye gari.

Wiki zilizofuata hakufagia uwanja wala hakufua. Nilitamani arudi kuimaliza ile kofia. Nilijaribu hata kumtukana, Mungu anisamehe, nilimwita mvivu wa Kikwere mbele ya mume wangu. Alinitazama kwa huruma na kuniambia, "Acha wifi, hujui."

Kisha Adila akaja. Alikuja peke yake, akaegesha gari chini ya mwembe wa jirani, akafungua nyuma na kutoa boksi. Ndani yake palikuwa na jogoo, mnene kweli, amefungwa miguu. Akapiga magoti mbele ya Sikuzani na kumshika miguu, shikamoo yake ikapotea kwenye kilio.

Mjomba wao alikuwa amefika kutoka Tabora siku ya pili ya msiba. Swali lake la kwanza lilikuwa watani wako wapi, nani kamfanyia dada yake. Walipomweleza yaliyotokea, alikaa chini akajishika kichwa, akawaambia, "Mmemzika dada yangu kama mtu asiye na kwao." Akawaamuru watafute jogoo na waje waombe radhi. Hamidu aliona aibu kuja. Alikuwa amemtuma dada yake.

"Tusamehe mama," Adila alisema. "Hatukujua. Mjomba anasema arobaini bado. Uje utufanyie siku hiyo, tutakaa wote, hakuna atakayekugusa."

"Nimewasameheni," Sikuzani akasema. "Lakini siku ya arobaini nitamzibia nani mlango? Ameshatoka."

Yule binti akajifuta macho. Sikuzani akamtazama kwa muda, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mimi nikaona anachotafuta: bega la mamake, mwendo wa mamake, kitu chochote.

"Baba yako Mnyamwezi, mama yako Mnyamwezi," akamwambia. "Unajua kwamba na wewe ni mtani wangu?"

"Mimi, mama?"

"Wewe. Nikifa mimi, zamu ni yako. Utakuja?"

"Nitakuja, mama. Wallahi nitakuja."

"Ukija utafanya nini?"

Adila alifikiri sana. Nilimwona anavyotafuta, maskini, anataka kujibu vizuri. "Nitakusomea Yasini, mama," akasema. "Nitakaa mpaka mwisho."

Sikuzani akamwinua kutoka chini, akamweka kitini.

"Yasini watanisomea wengi, mwanangu," akasema. "Wa kunitukana ndiye sina."